Kabla hujafuta Windows, zima feni ya kusimama

Jumatatu nimefungua duka hapa Kondele, Kisumu, nikakuta kijana wangu ameshafuta Windows ya mteja. Mashine iliovaklokiwa juzi, yaani prosesa imepandishwa mwendo kupita ule wa kiwandani, ikaanza kigugumizi: kishale kinaruka, muziki unakatika, gemu inasimama nusu sekunde halafu inakimbia kama inayofidia. Nikamuuliza, "Umeangalia nini kwanza?" Akanitazama kama nimemuuliza jina la babu ya babu yake. Huyu ni wa tatu mwaka huu. Naandika ili wa nne asije akasema hakuambiwa.

1. Rudisha bayosi (mipangilio ya madabodi) kwenye difolti, ile ya kiwandani. Yote: maltiplaya (namba inayozidishwa na kloki ya msingi kupata mwendo wa prosesa), volti, RAM. Kigugumizi kikiisha, kosa ni la mkono wako. Kisipoisha, acha kuisumbua prosesa, ruka hadi namba 5. Ni kazi ya dakika tano, na sijui kwa nini kwenu huwa ya mwisho.

2. Angalia mwendo, si joto peke yake. Hapa mtanivumilia, maana hili lilinitoa jasho na pesa.

Kulikuwa na jamaa wa Nyamasaria anayepiga video za harusi. Mashine yake ilikuwa na prosesa ya i5-4690K, ambayo hutoka kiwandani na 3.5 GHz na turbo, mwendo inaojipandisha yenyewe, ya 3.9. Alilalamika kwamba video moja inamkalisha usiku kucha. Mimi wakati huo nilikuwa nimejifunza kuovakloki miezi miwili tu, yaani ule umri ambao fundi anajiona amemaliza masomo. Nikaipandisha hadi 4.5 kwa volti 1.25. Nikaipiga Prime95, programu ya kuichosha prosesa, nusu saa, prosesa ikakaa nyuzi 78, haikulia. Nikampigia simu aje achukue mnyama wake.

Siku ya tatu akarudi. "Fundi, hii kitu inakwama." Nikaiweka mezani, nikaifungua ubavu, nikaipiga tena. Safi. Nikamwambia labda ni Windows, nikaiweka upya. Akaenda, akarudi. Nikabadilisha RAM. Akaenda, akarudi. Kila ikiwa kwangu ni malaika, ikifika kwake ni shetani. Basi nikahitimisha, kwa sauti ya mtaalamu, kwamba stima ya kwake ndiyo mbovu, volteji inapanda na kushuka. Nikamuuzia UPS ya shilingi 9,000. Alilipa bila kubishana, na ndilo linaloniuma mpaka leo. Angenitukana ningelala vizuri.

Wiki haijaisha, yuko mlangoni amebeba mashine mkono huu, UPS mkono ule. Hakusema neno. Aliviweka mezani akaketi.

Nikachomeka mashine kwenye UPS yake, nikawasha Prime95, tukaitazama kimya kama watu wa matanga. Dakika kumi, safi. Nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia kwamba basi ni video zake. Hapo ndipo stima ilipopotea Kondele nzima.

Mashine haikuzimika, iko kwenye UPS. Kilichozimika ni ile feni kubwa ya kusimama iliyokuwa ikitupepea, kwa sababu mnajua saa nane mchana mabati haya yanavyotupika. Haikupita dakika nne, kishale kikaanza kuruka. Nikafungua HWiNFO, programu ya kusoma joto na mwendo. Prosesa nyuzi 80, haina neno. Lakini maltiplaya ilikuwa 45, ikaanguka hadi 8, ikarudi 45, ikaanguka tena. Yaani 4.5 GHz inageuka 800 MHz kwa kufumba na kufumbua. Nikainama nikagusa karibu na VRM kwenye madabodi. Nilitoa kidole kama mtoto aliyeshika jiko.

Mnaelewa kilichokuwa kinatokea? VRM ndiyo inayopokea volti 12 kutoka pawa saplai na kuzishusha hadi kama 1.8 kwa prosesa ya aina hiyo. Ukiongeza mwendo na volti, yenyewe ndiyo inabeba mzigo. Bodi ile ilikuwa ya Z97, aina inayoruhusu kuovakloki, lakini ya bei ya chini, VRM haikuwa na hata kipande cha bati juu yake, wala kipimajoto ambacho HWiNFO ingekisoma. Ikichemka, bodi inaipa prosesa amri ya kupunguza mwendo mpaka ipoe. Dukani kwangu ilikuwa wazi ubavuni, inapepewa na feni ya shilingi elfu nne. Kwake ilikuwa chini ya meza, imefungwa, na madirisha yamefungwa usiku kwa sababu ya wadudu wa ziwani. Nilikuwa naipima hali ya hewa ya duka langu.

Nikaishusha hadi 4.2 kwa volti 1.12, nikafunga kifeni kidogo juu ya VRM kwa zipu tai. Mpaka leo inafanya kazi. Pesa ya UPS nilimrudishia kwa awamu tatu. UPS yenyewe ndiyo hiyo mnayowekea vikombe.

Kwa hivyo: HWiNFO, grafu ya kloki, na mstari wa PROCHOT, ile amri ya kupunguza mwendo kwa ajili ya joto. Kesi ya mashine ifungwe unapopima.

3. Fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, utafute WHEA-Logger namba 19. Maana yake prosesa imekosea na kujisahihisha kimyakimya. Wengine huongeza volti. Mimi hushusha maltiplaya moja.

4. BCLK, ile kloki ya msingi, iacheni MHz 100. Kwenye mashine za Intel, Sandy Bridge za 2011 mpaka hizi za Haswell, ukiivuta inavuta na PCIe (njia ya kadi za ndani) na wenzake. Kuna mmoja wenu, sitaji mtu, aliipeleka 106 akitafuta sifa. Diski ikawa inapotea na kurudi kama mbuzi wa jirani.

5. Kama difolti haikuponya, tazama C7, hesabu ya makosa ya mawasiliano ya diski, kwenye CrystalDiskInfo. Namba ikizidi kupanda, badilisha kebo ya SATA kwanza, ni shilingi mia mbili. LatencyMon itakuonyesha drava korofi. XMP, mpangilio wa kuharakisha RAM, usiiwashe siku moja na ovakloki, maana hutajua nani amekosa, na MemTest86, ya kupima RAM, iache ilale nayo usiku.

6. Vumbi tunalijua. Lakini mashine zinazotoka karibu na ziwa zina lingine: wale wadudu wanaokuja kama moshi kufuata taa. Feni inawavuta, wanajipanga kati ya feni na hitisinki mpaka hewa haipiti. Mama mmoja wa Dunga alipoona nilichokitoa, aliniuliza ni nani aliyemwaga majani ya chai ndani ya kompyuta yake. Tumia brashi ya rangi. Ukitumia blowa, shika feni kwa kidole isizunguke.

Na wewe wa Jumatatu, mteja anakuja saa tisa. Rudisha bayosi difolti, funga kesi, zima feni ya kusimama, kisha niite tuangalie grafu pamoja. Jasho likikutoka, vumilia.