Maswali ya Wasomaji: Machaguo ya Mstari wa Amri Katika Mchezo wa Kufunzia Wakala

SWALI: Ndugu Mtaalamu, nimeandika kwa lugha ya Python mchezo mdogo wa vyumba na funguo, ambao wakala wa kompyuta hujifunza kwa kupewa tuzo, nami pia naweza kuucheza kwa vitufe vya mishale. Nilichoka kuhariri msimbo kila nilipotaka ramani kubwa zaidi au mbegu tofauti (nambari inayoanzisha bahati nasibu ya mchezo), nikaongeza machaguo ya mstari wa amri, yaani maneno yanayoandikwa wakati wa kuanzisha programu, kwa argparse, maktaba ya Python ya kuyasoma. Sasa programu ya mafunzo, inayouingiza mchezo huohuo kama moduli, inakatika mara moja ikilalamikia chaguo lisilojulikana. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, machaguo yako huenda hayana kasoro, tatizo ni mahali unapoyasomea. Dalili unazozieleza ni za mtu aliyeita parse_args() nje ya funkisheni yoyote, hivi kwamba mwito huo unatekelezwa moduli inapoingizwa tu. Amri hiyo husoma maneno yaliyoandikwa wakati programu ilipoanzishwa, na safari hii iliyoanzishwa ni programu ya mafunzo, yenye machaguo yake ambayo mchezo wako hauyafahamu. argparse ikikutana na neno geni huchapa kosa na kuizima programu nzima.

Dawa ni kutenganisha mazingira (yaani mchezo wenyewe, anamojifunza wakala) na mlango wa kuyaingilia. Darasa la mazingira lisijue kabisa kwamba kuna mstari wa amri: lipokee ukubwa wa ramani na namna ya kuonyesha picha kupitia __init__ (funkisheni inayoitwa darasa linapoundwa kuwa kitu) kama vigezo vya kawaida. Kisha uandike faili ya pili, ya mchezaji wa kibinadamu, ambayo ndani ya main() yake inasoma machaguo na kuyakabidhi kwa darasa hilo. Ikiwa unatumia Gymnasium, maktaba ya Python ya mazingira ya kufunzia mawakala, gymnasium.make() hupitisha vigezo vya ziada hadi kwenye __init__, kwa hiyo programu ya mafunzo nayo itapata ramani ya ukubwa uleule bila kugusa argparse. Kumbuka pia kwamba katika maktaba hiyo render_mode huamuliwa mazingira yanapoundwa: "human" kwa anayetazama dirisha, "rgb_array" kwa anayetaka picha kama safu ya nambari. Basi machaguo yasomwe kwanza, mazingira yaundwe baadaye.

Mbegu ndiyo inayowasumbua wengi, nami nimewahi kupoteza jioni nzima kwa sababu yake. Chaguo --seed lipewe type=int na thamani ya awali None, kisha uipitishe kwenye reset() (amri ya kuanza duru mpya) ya kwanza peke yake; ukiirudia katika kila reset(), kila duru itaanza na ramani ileile, na wakala atakariri njia badala ya kujifunza kutafuta funguo. Vilevile usiandike "if args.seed:", kwa kuwa sifuri ni mbegu halali ambayo Python huihesabu kuwa si kweli, nayo itapuuzwa kimyakimya. Linganisha na None.

Mtego mwingine ni type=bool. Mtumiaji akiandika --sauti False, argparse hulipeleka neno hilo kwa bool(), na kwa kuwa neno lolote lisilo tupu huhesabiwa kuwa kweli, sauti itawaka. Tumia action="store_true" (chaguo likiandikwa ni kweli, lisipoandikwa si kweli), au, kuanzia Python 3.9, BooleanOptionalAction, ambayo hukupa --sauti na --no-sauti kwa pamoja. (Kiambishi hicho cha Kiingereza kinachekesha kikibandikwa kwenye neno la Kiswahili, lakini kinafanya kazi.)

Kasi ya fremu, ukubwa wa vigae na mbegu vinafaa kabisa kuwa machaguo. Thamani za tuzo mimi ningeziacha nje. Anayebadili tuzo ya kufungua mlango ametunga tatizo jingine, na matokeo yake hayalinganishwi tena na ya jana. Mabadiliko ya namna hiyo ni afadhali yasajiliwe kama mazingira mapya, yenye jina lake na nambari yake ya toleo.