Wasomaji Wanauliza: Kipindi Kilichozimwa Mapema, DVD Zake na Mikanda Yake

Swali: Dada yangu amerudi kutoka Marekani na boksi la DVD nne za *All-American Girl*, kipindi cha vichekesho vya familia alichokuwa akikitazama enzi za chuo. Nikitia diski kwenye deki, inaandika kuwa eneo si sahihi na kuitema. Je, diski ni mbovu? Na kipindi chenyewe kinastahili taabu hii?
*Msomaji, Mombasa*

Jibu: Diski ni nzima. DVD za dukani hufungwa kwa namba ya eneo: Marekani na Kanada ni 1, Kenya na Tanzania ni 5, Oman na Ulaya Magharibi ni 2. Tazama nyuma ya boksi utaona mchoro mdogo wa tufe lenye namba ndani. Deki iliyofungwa kwenye 5 haitaki kuona 1.

Deki nyingi za bei nafuu hufunguliwa kwa rimoti. Unafungua trei, unaingia kwenye menyu iliyofichwa kwa kubonyeza tarakimu za modeli hiyo, kisha unachagua 0, yaani maeneo yote. Tarakimu hutofautiana hata kwa deki za kampuni moja, kwa hiyo tafuta kwa namba ya modeli iliyobandikwa mgongoni mwa deki. Kwenye kompyuta kuwa mwangalifu zaidi: kisomaji cha DVD hukuruhusu kubadili eneo mara 5 tu, na ya tano ndiyo hubaki moja kwa moja. Kama una DVD za huku na za Marekani, nunua kisomaji cha pili cha kuchomeka kwa USB, kiweke kwenye 1 na usikiguse tena.

Ukishavuka hapo, kuna suala la mfumo wa picha. Diski za Marekani ni NTSC, sisi hutumia PAL. TV bapa za siku hizi hupokea zote mbili. TV ya chogo ya zamani inaweza kukuonyesha picha nyeusi na nyeupe, au picha inayopanda juu bila kutulia. Ikiwa hivyo, ingia kwenye mipangilio ya deki, uitoe kwenye NTSC na kuiweka PAL.

Kuhusu kipindi, jibu letu ni ndiyo, kinastahili. Kilirushwa na ABC, kituo cha TV cha Marekani, kuanzia 14 Septemba 1994 hadi 15 Machi 1995, sehemu 19 tu, na kampuni ya Shout! Factory ikakitoa kwa DVD mwaka 2006. Mchekeshaji Margaret Cho ni Margaret Kim, binti wa familia ya Kikorea inayoishi San Francisco, ambako wazazi wana duka la vitabu. Sehemu ya kwanza, "Mom, Dad, This Is Kyle", inahusu mchumba ambaye mama mtu hamtaki. Mswahili yeyote aliyelea mabinti ughaibuni ataujua ugomvi huo kabla haujatafsiriwa, maana mama anataka mkwe wa "kwetu" na binti anamtaka wa moyo wake.

Kina kasoro, tusifiche. Katika waigizaji wakuu Cho peke yake ndiye mwenye asili ya Korea, na vichekesho vingi vinawaeleza wageni familia hii badala ya kuiacha iishi. Lakini kila anapoingia bibi, anayeigizwa na Amy Hill, nyumba inachangamka. Itazame kwa mpangilio, usiruke. Utaona kwa macho yako kipindi kikivutwa huku na huku mpaka sehemu ya mwisho, ambayo karibu familia yote imeondolewa na Margaret anaonyeshwa akiwa na vijana wengine kana kwamba ni kipindi kipya. ABC hiyohiyo ilikaa miaka 20, hadi Februari 2015, ndipo ikaleta *Fresh Off the Boat*, kipindi kingine cha familia yenye asili ya Asia.

Swali: Kwenye TV yangu mpya watu wote wa kipindi hicho wana nyuso pana kama waliovimba. Diski imeharibika?
*Msomaji, Maskati*

Jibu: Hapana. Kipindi kilipigwa kwa umbo la 4:3 na TV yako ni 16:9, basi inaivuta picha ijae. Bonyeza kitufe cha umbo la picha kwenye rimoti, chagua 4:3. Utabaki na mistari miwili myeusi pembeni, na ndivyo inavyotakiwa. Usichague "kuza", kwa sababu itawakata watu vichwa.

Swali: Marehemu baba aliishi Maryland. Ameacha mikanda mitano ya VHS, T-120, imeandikwa kwa kalamu jina la kipindi hicho na "1994". Mmoja una vumbi jeupe ndani. Nimetia mmoja msafi kwenye deki yetu ya zamani, sauti ikawa nzito na ya kuburuta, picha haikutulia. Nifanyeje kuihamishia kwenye kompyuta?
*Msomaji, Temeke*

Jibu: Kwanza, usitie ule wenye vumbi jeupe kwenye deki yoyote. Hiyo ni kuvu, na kwa unyevu wa pwani yetu hukua haraka. Ukiupitisha, kuvu itabaki kwenye kichwa cha deki na kuambukiza minne mizima. Uweke peke yake kwenye chombo kisichopitisha hewa pamoja na vipakiti vya silika kwa wiki mbili hivi. Usitumie mchele, una vumbi.

Ukikauka, vaa barakoa, toka nje. Pindua kaseti, fungua skrubu 5 kwa bisibisi ya nyota, ibane isifunguke, igeuze tena, kisha inua kifuniko cha juu polepole. Kabla ya kugusa chochote, piga picha kwa simu uone mkanda unapita wapi, kwani kuna vijispringi vinavyoruka. Futa kingo za roli kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, kisha hamishia roli zote mbili kwenye ganda safi la kaseti nyingine. Kama kuvu imeshaunganisha tabaka za mkanda, acha, mpelekee mtaalamu. Ukilazimisha, utakatika.

Sauti ya kuburuta ina sababu yake. VHS ya Marekani hukimbia sentimita 3.34 kwa sekunde, ya PAL 2.34. Deki yako imeuzungusha taratibu kuliko ulivyorekodiwa. Unahitaji deki iliyoandikwa kuwa inasoma NTSC, au, bora zaidi, deki ya Marekani yenyewe. Hiyo ni ya volti 120, kwa hiyo itake transfoma ya kushusha umeme. Deki hula wati 20 hadi 30, basi transfoma ya wati 100 inatosha. Ukisahau transfoma mara moja tu, deki imekwisha.

Tunapendelea ya Marekani kwa sababu deki za PAL zinazosoma NTSC nyingi hutoa mchanganyiko uitwao PAL 60, na vifaa vya bei nafuu vya kunasia picha kwa USB haviuelewi, hivyo rangi hupotea. Ikiwa huna njia nyingine, tafuta kwenye programu chaguo la PAL 60 au NTSC 4.43.

Safisha kichwa cha deki kwanza. Lowesha kidogo kipande cha ngozi laini kwa isopropili ya asilimia 99, kishikilie kimetulia kwenye ngoma, yaani ile silinda inayozunguka yenye vichwa vya kusomea, kisha zungusha ngoma kwa mkono. Usisugue juu na chini hata kidogo, utavunja vichwa. Spiriti ya asilimia 70 ina maji mengi mno, na vijiti vya pamba huacha nyuzi. Subiri robo saa ikauke.

Nasa kwa pikseli 720 kwa 480, fremu 29.97 kwa sekunde, bila kuondoa mistari mbadala (interlace, yaani picha iliyogawanywa kwa mistari inayopishana) wakati wa kunasa. Ukiiondoa mapema, unapoteza nusu ya mwendo. Zima usingizi wa kompyuta na masasisho. Tenga nafasi ya GB 13 kwa saa ukitumia muundo wa DV, kisha nakala ya kutazama ya muundo uliobanwa wa H.264, megabiti 5 kwa sekunde, itachukua GB 2 na kidogo kwa saa. Midomo ikianza kuachana na sauti, mkanda una mikwaruzo na fremu zinadondoka. Pitisha mawimbi kwenye rekoda ya DVD iliyo katikati ya deki na kompyuta, nyingi huyanyoosha.

Swali: Kama DVD zipo, mikanda ya namna hiyo si tuitupe?
*Msomaji, Zanzibar*

Jibu: Msitupe. DVD mara nyingi hubadilishwa nyimbo kwa sababu haki za kuuza video nyumbani hazikulipiwa zamani. Kipindi cha Marekani *WKRP in Cincinnati* kilipotoka kwa DVD 2007 nyimbo nyingi zilikuwa zimeondolewa, na ikabidi toleo la 2014 lirudishe nyingi. *Married... with Children* ilipoteza hata wimbo wake wa mwanzo kwenye DVD za msimu wa 3. Mkanda uliorekodiwa siku ile una nyimbo zilezile, matangazo ya biashara na sauti ya mtangazaji, vitu ambavyo huenda havipo popote pengine.

Vunja kile kijiplastiki cha mgongoni mwa kaseti ili mtu asirekodi juu yake, urudishe mkanda hadi mwanzo, uusimamishe kama kitabu, mbali na spika na dirisha.