Kabla hujamwita bondia gwiji, uliza alikuwa na kilo ngapi kengele ilipolia

Ninyi mnaoanza kuandika au kutangaza ngumi za kulipwa, swali la kwanza mtakaloulizwa mtaani ni hili: nani gwiji wa kweli? Wengi hujibu kwa vitu viwili vinavyopatikana upesi kwenye simu, yaani rekodi ya mapambano na idadi ya mikanda ya ubingwa. Mimi nimehudhuria upimaji wa uzito mara nyingi, na naamini kwa dhati kwamba siku ya mizani inamfundisha mtu ngumi kuliko mikanda yote ya dunia. Nawaombeni muanzie huko.

Bondia hupanda mizani siku moja kabla ya pambano. Tangu hapo mpaka kengele ilie kuna saa ishirini na nne, wakati mwingine zaidi, na ndani ya saa hizo mtu aliyepimwa kilo 61 anaweza kurudi akiwa na 68. Wiki ya mwisho ameacha wanga na chumvi. Amekunywa maji mengi siku za mwanzo, kisha akayakata ghafla. Amekimbia akiwa na nguo za nailoni, amekaa kwenye sauna au kwenye bafu la maji ya moto, na asubuhi ya mizani bado anatema mate kwenye chupa ili kupunguza gramu za mwisho. Kinachotoka siku hizo ni maji, si mafuta. Damu inapungua, moyo unalazimika kwenda mbio, misuli inakosa akiba yake. Akishashuka kwenye mizani anaanza kunywa na kula, na hapo ndipo miili inapotofautiana: mmoja hurejesha karibu kila kitu, mwingine anaingia ulingoni bado mkavu, na kwa macho huwezi kuwatofautisha mpaka raundi ya nne au ya tano.

Zamani haikuwa hivyo. Mpaka miaka ya 1980 bondia alipimwa siku ileile ya pambano, kwa hiyo kilo zilizotangazwa zilikaribiana na kilo zilizopigana. Mwaka 1982 Kim Duk-koo wa Korea Kusini, aliyekuwa amepata taabu kubwa kufikia uzito, alipigana na Ray Mancini huko Las Vegas, akafariki siku chache baadaye kwa jeraha la ubongo. WBC, mojawapo ya vyama vinavyotoa mikanda ya dunia, ikapunguza raundi za ubingwa kutoka 15 hadi 12, na katika miaka iliyofuata upimaji wa siku moja kabla ukawa kawaida. Nia ilikuwa njema, kumpa bondia muda wa kurudisha maji mwilini. Lakini kambi nyingi ziliuona muda huo kuwa nafasi ya kushusha kilo nyingi zaidi, na kijana wa kilo 72 akaanza kuonekana halali kwenye uzito wa 64.

Pambano ambalo kila anayeanza anapaswa kulijua ni la Arturo Gatti na Joey Gamache, Februari 2000, Madison Square Garden. Mkataba ulisema wasizidi pauni 141, kama kilo 64. Kambi ya Gamache ililalamika palepale kwamba mizani haikuachwa itulie Gatti alipoipanda. Usiku wa pambano, kwenye mizani ya televisheni ya HBO, Gatti alionekana na pauni 160, karibu kilo 72.6. Gamache alikuwa na 145, chini kidogo ya kilo 66. Tofauti ya karibu kilo saba! Gamache alikalishwa chini mara kadhaa, na katika raundi ya pili akaangushwa moja kwa moja. Alitoka pale na majeraha ya ubongo, hakupigana tena maishani mwake. Aliishtaki tume ya michezo ya jimbo la New York, na miaka kama kumi baadaye mahakama ikakubali kwamba tume ilizembea katika upimaji, ila haikumpa fidia.

Kwenye rekodi ya Gatti ushindi ule umeandikwa kama ushindi mwingine wowote: KO, raundi ya pili. Nampenda Gatti kwa moyo wake na kwa zile usiku tatu alizopigana na Micky Ward, lakini KO ile siihesabu kabisa ninapompima. Na ninyi msiihesabu. Usiku ule mtu wa uzito wa kati (kikomo pauni 160) alimpiga mtu wa uzito wa welta (kikomo 147).

Somo hilohilo lina upande wa pili, wa anayeshindwa. Septemba 1999, nchini Thailand, Manny Pacquiao akiwa na miaka 20 alivuliwa ubingwa wa pauni 112 kwenye mizani kwa sababu alishindwa kufikia uzito, kisha akapigwa KO na Medgoen Singsurat raundi ya tatu. Ukiisoma rekodi bila kujua hili utasema kijana alikuwa na kidevu laini kisichostahimili ngumi. Chini ya miaka miwili baadaye, akiwa amepanda hadi pauni 122, alimsimamisha bingwa Lehlo Ledwaba huko Las Vegas, na mabondia wazito kuliko Medgoen wakampiga miaka mingi bila kumsimamisha. Kilichopigwa Thailand ni mwili uliokaushwa.

Msije mkageuza hilo kuwa kisingizio cha kila aliyeshindwa. Mabondia wengi wakipigwa husema uzito uliwamaliza, na mashabiki wao huuchukua usemi huo kama hukumu ya mahakama. Uliza kwanza: kabla ya hapo, alikuwa akishinda kwa sababu ya nini? Kama kwa miaka mitano amekuwa akishuka kilo nane ili kupigana na watu wadogo kuliko yeye, ushindi wote ule ulitokana na biashara hiyohiyo. Hawezi kuchukua faida yake kisha akatuomba tumsamehe hasara.

Desemba 2008 Pacquiao huyohuyo alikutana na Oscar De La Hoya. Watu walimwogopea Pacquiao, kwa sababu miezi michache nyuma alikuwa akipigania mkanda wa pauni 135, naye De La Hoya aliwahi kupanda mpaka uzito wa kati. Lakini De La Hoya alikuwa hajapigana kwenye pauni 147 tangu 2001. Alijishusha, akapimwa 145, na mwili ukakataa kurudi. Usiku ule aliingia ulingoni akiwa mwepesi kuliko Pacquiao, mikono haitoki, miguu haina uhai. Baada ya raundi ya nane hakuinuka kwenye kigoda. Magazeti yalimwandika Pacquiao kama aliyeua jitu. Ujasiri wake wa kupanda ni wa kweli, nausifu, ila jitu lenyewe lilikuwa limekwisha kufa njaa.

Ukitaka ushahidi ulio imara zaidi wa ukubwa wa Pacquiao, nenda Novemba 2010, pambano lake na Antonio Margarito. Hapa napo palikuwa na uzito wa makubaliano: mkanda ulikuwa wa pauni 154, wao wakakubaliana 150, na sharti lile lilimfaa Pacquiao. Hilo lisemwe. Lakini Pacquiao alipimwa kama 144, na usiku wa pambano HBO iliwaonyesha Margarito akiwa na 165, yeye 148. Kilo karibu nane! Akampiga raundi kumi na mbili mpaka uso wa Margarito ukavunjika mfupa. Mizani ya pili, ile ya usiku wa pambano, inakuonyesha nani alikuwa mkubwa kwa kweli, na mara nyingine inamwinua mtu ambaye mizani ya kwanza ilitaka kumshusha.

Ndiyo maana nawasihi mtafute namba ya pili kila mara. IBF, chama kingine cha mikanda, kwa miaka mingi katika mapambano yake ya ubingwa iliwapima mabondia tena asubuhi ya pambano, na bondia hakutakiwa kuzidi pauni kumi juu ya kikomo. Siku hizi mikataba mingine huweka sharti kama hilo hata bila IBF. Gervonta Davis alimwekea Ryan Garcia sharti hilo mwaka 2023, na Chris Eubank Jr na Conor Benn walipigana chini yake London mwaka 2025. Mkiona sharti hilo, liandikeni kwenye habari yenu, aya ya kwanza au ya pili. Msomaji asiyelijua hajui aliangalia pambano gani.

Sasa mikanda. “Bingwa wa dunia katika uzito tano” ni maneno matamu sana redioni. Novemba 1988 Sugar Ray Leonard alipigana na Donny Lalonde kwa mikanda miwili kwa mpigo, wa pauni 168 na wa pauni 175. Lalonde alikuwa bingwa wa 175, akatakiwa kushuka mpaka 168. Leonard alipimwa 165. Kwa hiyo Leonard alitwaa ubingwa wa pauni 175 usiku ambao hakuna mtu aliyepimwa kwa uzito huo. Leonard ni gwiji, na waliomfanya gwiji ni wapinzani wake Benitez, Durán, Hearns na Hagler. Mkanda ule wa 1988 hauniongezei kitu.

Linganisheni na Henry Armstrong. Kati ya Oktoba 1937 na Agosti 1938 alichukua ubingwa wa uzito wa unyoya (pauni 126), wa welta (147) na wa mwepesi (135), akaishika yote mitatu kwa wakati mmoja, enzi ambazo duniani palikuwa na uzito nane tu. Leo upo 17 au 18, na karibu kila mmoja una mikanda minne mikuu ya ubingwa. Namba tatu ya Armstrong ni nzito kuliko tano nyingi za leo.

Na kuna hasara ambazo mimi naziweka upande wa ukubwa. Juni 1952, Yankee Stadium, Sugar Ray Robinson alipanda kupigana na Joey Maxim, bingwa wa uzito wa pauni 175. Robinson alikuwa na 157 na nusu, Maxim 173. Joto lilikuwa kali hata refa akashindwa kuendelea, ikabidi aletwe mwingine. Robinson aliongoza kwenye kadi zote tatu za pointi, kisha baada ya raundi ya 13 mwili ukagoma. Hiyo ndiyo mara pekee katika maisha yake yote ya ngumi aliposhindwa kabla pambano halijafika kwenye pointi za majaji. John Mugabi wa Uganda naye namweka humohumo. Alikuwa amewamaliza wote aliokutana nao kwa KO, akiwa kwa asili mtu wa pauni 154, akapanda mpaka 160 kumkabili Marvin Hagler, Machi 1986, mtu aliyeishi uzito huo maisha yake yote. Alianguka raundi ya 11. Tazameni raundi za katikati kabla hamjasema Mugabi alibebwa na wapinzani dhaifu.

Siku ya mizani, fikeni mapema, msiangalie namba peke yake. Angalieni midomo kama imepasuka, macho kama yameingia ndani, kama anashika bega la mtu anaposhuka, na anakimbilia chupa au anasalimia watu kwanza. Kaa na orodha ya kilo alizopimwa mapambano yake yaliyopita. Pambano likianza, fuateni miguu yake baada ya ngumi za mbavu. Bondia aliyekauka hutegemea kamba mapema, na ngumi zake hazirudi haraka usoni kujikinga. Akizidi uzito kisha akashinda, kama Ryan Garcia alivyozidi zaidi ya pauni tatu dhidi ya Devin Haney, Aprili 2024, andikeni kuzidi huko kabla ya ushindi. Ushindi ule baadaye ulifutwa kwa sababu ya dawa zilizokatazwa michezoni, lakini hata usingefutwa, Haney alikuwa amejishusha na mwenzake hakujishusha.

Na muwe waangalifu na vijana wa gym. Nimewasikia watangazaji wakimsifu dogo hewani kwa kushusha kilo saba ndani ya siku nne, na wenzake wote wanasikiliza.

Nikiulizwa leo nani gwiji wa kizazi hiki, namtaja Terence Crawford. Alitwaa mkanda wake wa kwanza 2014 kwenye pauni 135, kule Glasgow, nyumbani kwa Ricky Burns. Septemba 2025, akitokea 154, alipanda mpaka 168 kumfuata Canelo Álvarez kwenye uzito wa Canelo mwenyewe, wote wakapimwa 167 na nusu, na majaji wote watatu wakampa ushindi.