Imani kwenye meza ya unga: anzia kwenye meka

Mama, shalom. Umeuliza mkristo anayeuza unga wa mahindi pale soko la Kenya, Lubumbashi, afanye nini ili imani yake isiishie kwenye ibada ya Jumapili na mstari wa Biblia uliobandikwa juu ya meza. Aanze na meka, kopo la kupimia unga. Mithali 11:1 na Kumbukumbu la Torati 25:13-15 zinazungumzia vipimo, na kwetu kipimo ni lile kopo.

Geuza kopo, angalia kitako. Kikiwa kimegongwa kikaingia ndani, au chini kumewekwa katoni, kila mteja anapunjwa, na anayeumia zaidi ni yule asiyeweza kununua mfuko, anayekuja kila siku kwa meka moja. Ila hata kopo zima hudanganya. Unga uliotoka sasa hivi kwenye mashine ni wa moto na umejaa hewa. Ukiuchota kwa mkono mwepesi na kupangusa haraka, meka inaonekana imejaa. Igonge mezani mara tatu uone unga unavyoshuka! Luka 6:38 inataja kipimo cha kushindiliwa na kusukwasukwa, na ndivyo ilivyo: jaza, gonga mara tatu, ongeza, ndipo upanguse. Mtoto aliyetumwa na mama yake apimiwe hivyohivyo.

Kujihakikishia, fungua mfuko wa kilo 25 uhesabu. Meka ya kilo mbili na nusu inatoa 10. Zikitoka 12, hizo mbili zimetoka kwenye bukari (ugali) ya watu. Kwa mizani ya springi, tundika chupa ya maji ya lita moja na nusu: maji hayo ni kilo moja na nusu, na chupa yenyewe ni gramu chache. Mshale ukipita hapo sana, springi imelegea.

Wengi hukwama hapa: "Nikitoa 10 sipati faida." Basi kosa liko kwenye bei. Chukua bei ya mfuko, ongeza pusipusi (mkokoteni wa kubebea mzigo), ushuru wa meza, vifungashio na unga unaomwagika, gawa kwa 10, kisha weka faida yako. Ikibidi kupandisha, pandisha waziwazi. Bei mteja anaisikia na anaweza kuikataa. Kipimo kilichopunguzwa hakioni.

Kijana wa pusipusi alipwe kabla jua halijatua (Kumbukumbu la Torati 24:15). Mara nyingi kinachomfanya aambiwe "rudi kesho" ni kukosa chenji, kwa hiyo asubuhi weka kando noti za franka 500 na 1000 za malipo yake, usiziguse.

Na dola: noti yenye mpasuko hata mdogo watu wanaikataa. Ukijikuta nayo, usimpenyezee mzee anayekuja kununua jioni, asiyeona vizuri. Ipeleke kwa mbadilisha pesa anayezipokea kwa bei ya chini, na hasara uibebe wewe.