Kwa ndugu aliyejificha Syokimau: nami nilirudi na talaka

Ndugu yangu, umeeleza kwamba umerudi kutoka Uingereza wiki tatu zilizopita baada ya mkeo kukutoa nyumbani kwa amri ya mahakama, kwamba umejihifadhi kwa binamu yako Syokimau huku mama yako akiamini ungali ughaibuni, na kwamba unataka kwanza kupanga nyumba Kilimani na kununua gari, ndipo ujitokeze. Nakusihi uache mpango huo, kwa sababu mimi niliufuata.

Nilirudi kutoka Ohio mwaka 2019, baada ya miaka 11. Hati za talaka nilikabidhiwa nikiwa zamuni, katika makao ya wazee nilikofanya kazi, mbele ya wenzangu ambao wawili kati yao walikuwa Wakenya. Kabla zamu haijaisha, habari zilikuwa zimekwisha kuvuka bahari. Sitayachimba zaidi. Nilitua Nairobi na laki tisa hivi, nikapanga nyumba Kileleshwa kwa shilingi 70,000 kwa mwezi, nikakodi gari kila wikendi na kuwaambia jamaa kwamba niko likizoni. Likizo hiyo ilidumu miezi sita. Kila aliyenitembelea alitarajia mtu wa majuu, nami nikalipia kila meza niliyoketi, kwa hofu tu kwamba nikinyamaza mtu ataniuliza mke wangu yuko wapi. Fedha zilipobaki laki moja na ushee, nikapanda matatu ya Tala kwenda kumwona mama.

Mama alikuwa amejua tangu kabla sijatua. Kilichoniuma zaidi ni kugundua kwamba alikuwa ameacha kuhudhuria chama chake cha akina mama kwa miezi kadhaa, kwa kuwa wanawake wenzake walikuwa wakimuuliza habari zangu naye hakujua ni uongo upi niliotaka awaambie. Nilidhani naificha aibu yangu, kumbe nimemtwika yeye. Mwezi uliofuata alirudi chamani akasema ukweli wote, na ni mmoja wa wanawake hao aliyenipa kazi yangu ya kwanza: baba mkwe wa mwanawe, huko Donholm, alikuwa amepooza, na familia ilikuwa imechoka.

Cheti changu cha kuhudumia wazee, nilichokitegemea mno, hakikunifanya muuguzi hapa, kwani uuguzi unahitaji usajili wa Baraza la Wauguzi. Familia ile haikutafuta muuguzi. Ilitaka mtu anayejua kumgeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda. Nilianza kwa shilingi 25,000 kwa mwezi, nikiishi katika chumba kimoja Umoja, na mzee huyo ndiye aliyenijulisha kwa familia nyingine mbili, ingawa alinitukana karibu kila asubuhi.

Makaratasi ni mepesi kuliko unavyohofia. Ikiwa ulichukua uraia wa Uingereza, Katiba ya 2010 inasema Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata mwingine. Angalia PIN yako ya KRA, mamlaka ya kodi, kwa maana hata asiye na kipato hapaswi kupitisha tarehe 30 Juni bila kuwasilisha ritani ya kodi, la sivyo hutozwa faini ya shilingi 2,000. Jisajili SHA, bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Na hakikisha hati ya talaka uliyobeba ni amri ya mwisho, kwa kuwa Uingereza talaka hupitia kwanza amri ya masharti, ambayo bado haivunji ndoa. Siku ukitaka kuoa tena, msajili wa ndoa atataka ushahidi kwamba ile ya kwanza imekwisha kabisa.

Gari usinunue. Kaa kwa binamu yako, mchangie unga na umeme, na Jumamosi hii uende kwa mama. Ukifika, usingoje akuulize.