PS5 imetimiza mwaka ndani, na maswali yamekuja mengi

Mwezi huu maswali mengi yametoka kwa watu walionunua PS5, ile mashine ya gemu ya Sony, kwenye sikukuu za mwaka jana. Sasa mashine imemaliza mwaka ndani ya nyumba na kila mtu ameshaona raha yake na karaha yake. Nimechagua machache. Yapo niliyoyajibu mpaka nimechoka, hayo nitayapita haraka, afu lipo hili la akaunti ambalo nitakaa nalo kwa sababu hela za watu zinaliwa kila kukicha na bado watu hawasikii.

Mkuu, nilinunua gemu tatu kwa jamaa anayeuza kwenye magrupu ya WhatsApp. Alinipa imeili na paswedi, nikaingiza kwenye PS5 yangu nikazishusha, zikapiga kazi miezi minne. Juzi zote zimeweka alama ya kufuli na jamaa hapokei simu. Nafanyaje? (Mwanachuo, UDOM)

Mdogo wangu, pole, ila hizo gemu hazijawahi kuwa zako hata siku moja. Ngoja nieleze inavyofanya kazi ili na wengine wasome. Kwenye akaunti ya PlayStation kuna seting inayoifanya PS5 fulani iwe ndiyo mashine ya nyumbani ya hiyo akaunti. Ikishawashwa, yeyote anayekaa kwenye mashine hiyo anacheza gemu za akaunti ile hata akiwa ameingia kwa akaunti yake mwenyewe, na hata intaneti ikiwa haipo. Ila inakubali PS5 moja tu kwa wakati mmoja. Alichofanya huyo jamaa ni kwamba alikuwashia wewe, akala hela yako, baada ya miezi kadhaa akamuuzia mwingine labda yupo Mwanza au Mbeya huko, yule alipowasha kwake kwako ikazima na kufuli likatokea. Hajaiba kwako kitu, amehamisha tu. Na anaweza kukutoa akiwa amelala kitandani kwake, haihitaji kuigusa mashine yako.

Na hata kama angekuwa mwaminifu bado ungekuwa pabaya. Masharti ya Sony hayaruhusu kuuza akaunti, wakigundua wanafunga na gemu zote zinaenda. Hujui kadi iliyolipia zile gemu ilikuwa ya nani, na mwenye kadi akilalamika benki yake hela zinarudishwa na akaunti inafungwa hivyohivyo. Sasa wewe utaenda kumshtaki nani, una risiti gani?

Kwa hiyo hizo hela zihesabu zimekwenda. Futa gemu, futa na ile akaunti kwenye mashine yako, afu fungua ya kwako. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi pale unapofungua akaunti, ndiyo maana wengi wetu tunatumia ya Marekani, Uingereza au Afrika Kusini, na nchi ukishaichagua haibadilishwi tena. Kadi za kujaza salio nazo zinafuata nchi, kadi ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza, na hili naulizwa kila wiki na mtu ambaye ameshakwangua kadi tayari. Muulize muuzaji kabla ya kulipa jamani!

Na nitasema tena kama ninavyosema siku zote, nunueni CD. Gemu mpya kubwa Marekani inauzwa dola 70, hapo ni zaidi ya laki na nusu ya kwetu. Ukiinunua kwa njia ya mtandao imekwama kwenye akaunti yako milele. Ukiinunua CD unaimaliza, unamuuzia mwenzako wa Area C hapa Dodoma kwa nusu bei au mnabadilishana, unapata nyingine. CD ya PS5 haichagui nchi, ya Dubai na ya Ulaya zote zinacheza, ila ukitaka kununua nyongeza za ndani ya gemu hakikisha CD na akaunti ni za ukanda mmoja. Mtu aliyenunua CD nne mwaka huu na kuzizungusha kwa marafiki amecheza gemu nyingi kuliko wewe uliyenunua akaunti, na zake bado anazo kwenye droo.

Nikishaingiza gemu kwenye mashine kutoka kwenye CD, naweza kuiuza CD nikaendelea kucheza?

Hapana. CD lazima iwe ndani kila unapocheza.

Kaka nimeletewa PS5 Slim kutoka Kariakoo haina mdomo wa CD. Nimepigwa? (Kisasa)

Hujapigwa, ila hukuuliza. Slim, yaani ile PS5 nyembamba, ilitoka Novemba 2023 na ile ya bila CD inakubali kuongezewa deki ya CD, inauzwa peke yake, unabandua kava la pembeni unaichomeka. Mara ya kwanza inahitaji intaneti ili mashine na deki vitambuane, baada ya hapo kazi imeisha. Wenye matatizo ni wale walionunua ile ya kwanza ya mwaka 2020 isiyo na CD, ile haiongezwi chochote. Kwa hiyo anayeuziwa used aangalie vizuri ni ipi kabla hajatoa hela.

Habari kaka. Mashine ya wanangu imeanza kupiga kelele sana na inajizima katikati ya mchezo. Tupo Nkuhungu, mbele ya nyumba ni barabara ya vumbi. Fundi anataka aifungue yote aisafishe aweke na pesti mpya. Nimpe? (Mama wa watoto watatu)

Shikamoo mama. Usimpe kwanza, na nashukuru umeuliza kabla.

Dodoma kuanzia Mei mpaka Novemba mvua hakuna, na upepo wa Julai na Agosti kila mtu hapa anaujua, unafuta meza asubuhi mchana unaandika jina lako juu yake. Hiyo mashine ina feni kubwa inayovuta hewa muda wote inapocheza, na hewa yetu inakuja na vumbi lake. Vumbi likishajaa joto halitoki, feni inazidi kuzunguka ndiyo hiyo kelele, ikishindwa kabisa mashine inajizima yenyewe ili isiungue. Kujizima huko ni kujilinda, haijafa.

Mwambie mkubwa wa wanao aizime kabisa, achomoe waya wa umeme, aiache ipoe. Kava nyeupe za pembeni zinatoka kwa mkono bila spana, zimetengenezwa zitoke. Ndani ataona feni, na kwenye zile PS5 kubwa za mwanzo ataona matundu mawili ambayo kazi yake ni kukusanya vumbi. Atumie brashi laini ya rangi, mpya, na kama kuna jirani mwenye mashine ya kunyonya vumbi ndio vizuri zaidi, aiweke kwenye hayo matundu. Feni aishike kwa kidole isizunguke. Na asiende nayo kwa wajaza upepo wa matairi, ile kompresa inatoa na maji, na nguvu yake inavunja feni.

Kuhusu fundi. Kwenye PS5 kati ya prosesa, yaani ubongo wa mashine, na kile chuma cha kupoza hakuna pesti ya kawaida ya kupitisha joto, kuna metali ya majimaji. Inapitisha umeme. Ikimwagika tone moja kwenye bodi imeisha hiyo, na akiifuta akaweka pesti ile nyeupe ya kompyuta joto litakuwa baya kuliko ulivyoanza. Wapo mafundi wanaijua kazi hii, ila muulize kwanza, "ndani ya PS5 kuna nini juu ya prosesa?" Akisema pesti, chukua mashine yako nenda nyumbani.

Mama naomba nikuulize na mimi, kuna kitambaa juu yake? Nyumba nyingi ninazoingia nakuta PS5 imevikwa kitambaa cha kufuma kama cha kochi, kizuri kabisa, kimeziba matundu yote ya nyuma, na taa ya mashine inawaka rangi ya chungwa. Hiyo rangi maana yake imelala tu, haijazimwa, bado inafanya kazi. Kitambaa kiwekwe mashine ikiwa imezimwa na imepoa. Na isikae sakafuni, iwekeni juu ya meza, mbali na mlango.

Stabilaiza, UPS au TV guard? Na PS5 inakula sana LUKU?

TV guard ndiyo ya kuanzia. Pawa ya PS5 imetengenezwa kwa volti 100 mpaka 240, kwa hiyo umeme mdogo siyo adui mkubwa, adui ni ule mshtuko wa umeme unaporudi baada ya kukatika. TV guard inakata, inasubiri, ndipo inaruhusu. UPS, ile yenye betri ndani, ukiiweza ni bora zaidi kwa sababu inakupa dakika za kuseva (kuhifadhi ulipofikia) na kuzima vizuri, ya VA 650 inabeba PS5 na TV ya kawaida kwa huo muda mfupi. Mashine ikikatikiwa umeme wakati inaandika, data zinaharibika, na wengi mnaoniambia "seva yangu imepotea" chanzo ni hicho.

Ila kuna kitu hamniulizi na ndicho kinachoua. Mvua zikianza Desemba huku kwetu zinakuja na radi. Mtu anachomoa waya wa umeme anajiona yupo salama, kumbe dishi lipo juu ya bati, limeunganishwa na king'amuzi, king'amuzi na TV, TV na PS5 kwa waya wa HDMI. Radi ikipiga karibu inapita njia hiyohiyo na mlango wa HDMI wa mashine unaungua. Radi ikinguruma chomoa na HDMI.

LUKU: ukicheza gemu nzito inakula wati 200 hivi, kwa hiyo saa tano ni uniti moja. Ongeza TV. Kwa saa nne kila siku, vyote viwili ni kama uniti 36 kwa mwezi. Wewe uliye kwenye kundi la matumizi madogo, lile la shilingi 100 kwa uniti 75 za kwanza, jua kwamba karibu nusu imeshaliwa na gemu na ukivuka 75 bei inaruka. Zungumzeni nyumbani kabla baba mwenye nyumba hajaanza kuuliza.

PS5 au Xbox?

Marafiki zako wana ipi? Nunua hiyo.

Bando la GB 10 litanitosha kushusha gemu?

Gemu nyingi kubwa ni GB 50 mpaka 100 na kitu. Hili swali mnalirudia kila mwezi jamani, na ukubwa umeandikwa palepale kabla ya kubonyeza. Hii nayo ni sababu ya CD, sehemu kubwa ya gemu unaikuta mle ndani na unabaki kushusha maboresho.

Mwanangu wa darasa la tano amenunua pakiti za wachezaji kwenye FC, ile gemu ya mpira, kwa kadi yangu, hela ndefu. Nimfanyeje?

Mtoto amebonyeza kitufe kilichokuwa wazi, mzazi usimpige. Toa kadi kwenye akaunti leo. Mfungulie mtoto akaunti yake chini ya ya kwako, pale unaweka kikomo cha matumizi, hata sifuri, na kikomo cha masaa. Zile pakiti ni bahati nasibu, unalipa bila kujua utapata nani, na mimi naona mtoto hapaswi kuzigusa kabisa. Na ukiwa hapo hapo angalia namba kwenye kava za CD zake, 3, 7, 12, 16 au 18, ni umri. GTA V ni 18, na naikuta kwa watoto wa miaka minane wazazi wakiwa wamekaa pembeni.

Nimemaliza mwaka na PS5 ya kawaida, nafasi imejaa. Niiuze nichukue Pro? Au nisubiri bei zishuke? (Makulu)

Bei usisubiri. Zamani mashine zilikuwa zinashuka kadiri zinavyozeeka, hii imeenda kinyume. Marekani PS5 yenye CD ilianza dola 499 Novemba 2020, na Agosti 2025 ikapandishwa ikawa 549. Pro, ile PS5 yenye nguvu zaidi, ilitoka Novemba 2024 kwa dola 699, ina TB 2 ila haina deki ya CD, unainunua pembeni. Kama TV yako siyo ya 4K, zile za picha kali zaidi, utofauti wa picha kati ya Pro na yako hutauona vizuri, na TV nyingi za majumbani kwetu siyo 4K.

Shida yako ni nafasi tu. PS5 ya mwanzo inaandikwa GB 825 lakini unayoitumia ni GB 667 hivi. Nunua SSD ya M.2, ile diski ndogo ya kuongeza nafasi, yenye kipozeo, na kwenye boksi iandikwe PCIe 4, unaichomeka mwenyewe ndani kwa skrubu mbili tatu. Diski ya nje ya USB inatunza gemu za PS5 ila haizichezeshi, inachezesha za PS4 tu, na hapo ndipo wengi mnapokosea dukani. Kabla ya yote hayo ingia kwenye mashine yako ufute zile gemu ambazo hujazigusa tangu Pasaka, kama una CD zake utazirudisha siku unayotaka.