Prosesi haifi, diski haitoki: kabla hujachomoa waya

Kwenye Linux, ukipiga kill -9 (amri ya kuua kwa nguvu) mara tano na prosesi, yaani programu inayoendeshwa, bado ipo, ya sita haitasaidia. Amri imeshafika, inasubiri mlangoni. Prosesi yenyewe iko ndani ya kerneli, kiini cha mfumo, imelala usingizi usiokatizwa, ikingoja jibu la diski au la seva ya mbali. Jibu likija, itakufa papo hapo. Kazi yako ni kujua inangoja nini.

Andika ps -eo pid,stat,wchan:30,cmd uangalie safu ya stat. Z ni maiti inayosubiri mzazi wake aizike. Haijashika faili lolote, shughulika na mzazi. D, yaani usingizi usiokatizwa, ndiyo mgonjwa wetu. Safu ya wchan inataja mahali kerneli ilipomlaza: ukiona nfs (diski ya seva inayotumiwa kupitia mtandao) au rpc, tatizo liko upande wa mtandao. Jina likiishia na killable, basi -9 itafanya kazi, maana tangu kerneli 2.6.25 kuna usingizi wa aina hiyo. Ukiwa root (msimamizi mkuu), cat /proc/PID/stack, ukiweka namba ya prosesi badala ya PID, inaonyesha njia nzima. Kerneli nyingi pia huandika lawama zake kwenye dmesg (ujumbe wa kerneli) baada ya sekunde 120. Na usishtuke uptime ikionyesha mzigo wa 40 huku prosesa haina kazi. Linux huzihesabu D zote kwenye mzigo.

Si kila D imekwama. Chukua steshenari yoyote ya Mwenge: mteja yuko kaunta, umenakili GB 3 kwenye flashi yake ya Kariakoo, cp imemaliza upesi, halafu umount, amri ya kupachua flashi, imeganda. Haijaganda. Data bado iko kwenye RAM, inashushwa polepole. Kwa flashi inayoandika MB 5 kwa sekunde, hiyo ni dakika kumi nzima, na mteja akichomoa kwa haraka zake, faili la mwisho ndilo litakalooza. Fungua dirisha jingine:

watch -n2 "grep -E 'Dirty|Writeback:' /proc/meminfo"

Namba zikishuka, mpe mteja kiti. Zikisimama kabisa na dmesg inamwaga makosa ya I/O, flashi au waya wake umekufa.

umount ikikuambia "target is busy", yaani diski bado inatumika, mkosaji wa kwanza ni wewe mwenyewe: terminali yako imekaa ndani ya folda ilikopachikwa diski, tuseme /mnt/data. Toka kwa cd /. Kisha fuser -vm /mnt/data: herufi c ni aliyekaa ndani ya folda, F anaandika faili, m ameliweka faili kwenye kumbukumbu. Waombe watoke kwa kill ya kawaida kwanza. Kuhusu fuser -km nina neno moja: kama /mnt/data haikupachikwa kweli, amri hiyo itaua kila anayetumia diski iliyobeba folda hiyo, na mara nyingi hiyo ni diski ya mfumo mzima. Ongeza -M, itakataa kama si sehemu ya kupachika.

Fuser ikinyamaza na diski bado inang'ang'ania, angalia vitu visivyo prosesi: swapon --show (swap), losetup -a (faili linalotumika kama diski), exportfs -v (folda unazogawa kwa NFS), na findmnt -R /mnt/data kwa diski iliyopachikwa juu ya nyingine. Kontena (programu zilizotengewa mazingira yake, kama za Docker) zina hila yake: umount inakubali vizuri, lakini fsck, amri ya kukagua diski, inasema diski inatumika, kwa sababu kontena lina nakala yake ya upachikaji. Tafuta kwa jina la diski, maana ndani ya kontena folda inaweza kuwa na jina jingine: kwa mfano grep -l /dev/sdb1 /proc/[0-9]*/mountinfo.

Sasa umount -l (kupachua kivivu), ambayo watu huipenda kupita kiasi. Inafuta jina tu. Mfumo wa faili unaendelea kuishi chini kwa chini hadi faili la mwisho lifungwe. Ukichomoa diski au kuifomati wakati huo, umeiharibu. Mimi naikubalia NFS iliyokufa tu, tena baada ya umount -f (kupachua kwa nguvu) kushindwa.

Kwa NFS, tuseme seva iko Posta, tawi liko Mbagala, na umeme umekatika Posta. Usiandike ls wala df tupu, nazo zitanasa. Tumia df -l na cat /proc/mounts. Seva ikirudi, D zote huamka zenyewe, kwa hiyo dawa ya kwanza ni kuwasha seva. Wakati wa kupachika NFS, wengine hukimbilia chaguo la soft badala ya hard, ambayo hungoja seva bila kukata tamaa. Soft hurudisha kosa, na programu isiyoangalia makosa itapoteza data kimyakimya. Baki na hard.

Yote yakishindikana, reboot ya kawaida inaweza kukwama palepale kwenye kupachua. Ukiwa root, peleka herufi s (shusha data diskini), kisha u (pachika upya diski kwa kusoma tu), kisha b (washa upya papo hapo) kwenye /proc/sysrq-trigger kwa echo, moja moja. Baada ya s na baada ya u, soma dmesg hadi uone neno complete. Kama s haikamiliki ndani ya dakika moja kwa sababu diski mbovu imeizuia, nenda u, halafu b.